Sindano za Urembo Usoni: Ukiharibikiwa Bariadi, Nani Atakuokoa?

Midomo minene, mashavu yaliyojaa, mikunjo kwaheri! Ahadi za fila ni tamu kweli. Lakini kabla hujatoa uso wako na mshiko wako, kuna maswali ambayo wewe na mwenzi wako lazima muyapatie majibu.

Hebu nikuulize swali moja, msomaji wangu, na unijibu kwa ukweli wa moyo wako. Ukisimama mbele ya kioo asubuhi, jicho lako linaanzia wapi? Najua. Haliendi kwenye tabasamu ambalo mwenzi wako alilipenda siku ya kwanza. Linakwenda moja kwa moja kwenye ule mstari unaoteremka kutoka puani hadi pembe ya mdomo, au kwenye weusi wa chini ya macho, au kwenye shavu lililoanza kupungua baada ya mtoto wa pili.

Kila zama na dawa yake. Bibi zetu walijipaka samli ngozi ikang'aa, wakaridhika. Ukaja mkorogo, ukatuachia nyuso za rangi mbili na vidole vyeusi visivyodanganya. Likaja gumzo la makalio ya "Mchina". Leo gumzo ni sindano. Unalala kitandani nusu saa, unachomwa hapa na pale, unaamka na midomo ya staa wa video. Eti ndivyo wanavyosema.

Usidhani haya ni mambo ya Masaki na Mikocheni tu. Tangu mwaka 2012 Simiyu ilipozaliwa kutoka Shinyanga na Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa, mji umejaa vijana wa ofisini: watumishi wa serikali, watu wa benki, walimu, manesi, wafanyabiashara wa pamba na mifugo. Mshahara upo, simu janja ipo. Tangazo likiwekwa Instagram asubuhi Dar, mchana liko kwenye group la WhatsApp la kina dada wa Somanda.

Na tuambizane ukweli, sisi wa Usukumani presha ya uso hatukuletewa na intaneti. Wazee wetu walimsifia binti mweupe, na stori za ng'ombe wa mahari kuongezeka kwa sababu ya rangi ya bibi harusi tumezisikia nyumbani, jioni, kwa masikio yetu. Kwa hiyo simlaumu dada anayetaka kupendeza. Mimi mwenyewe napenda kupendeza! Ninachotaka tuzungumze leo ni usalama, maana fila ni kitu kinachoingia ndani ya mwili na kukaa humo.

FILA NI KITU GANI HASA?

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Botox hulegeza misuli, ili paji la uso lisikunjike unapokasirika. Fila yenyewe hujaza. Ni kitu kizito kama ute au jeli, kinachodungwa chini ya ngozi ili kuinua sehemu iliyobonyea au kunenepesha iliyo nyembamba.

Fila zinazotumika zaidi zimetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki. Jina gumu, lakini kitu chenyewe unacho tayari mwilini: kwenye ngozi, kwenye maungio, hata ndani ya jicho. Kazi yake ni kushika maji. Na sisi wafugaji tutafurahi kusikia kwamba wanasayansi Karl Meyer na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliigundua mwaka 1934 ndani ya macho ya ng'ombe! Baadaye kuna fila zilizotengenezwa kutoka kwenye kile kilemba chekundu cha jogoo. Siku hizi nyingi hutengenezwa maabara kwa kutumia bakteria. Restylane, mojawapo ya zinazojulikana zaidi, iliidhinishwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, mwezi Desemba 2003.

Bomba moja la fila kwa kawaida lina mililita moja tu, kama sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Kiasi hicho kidogo hudumu miezi 6 hadi 18 hivi, kutegemea aina na mahali ilipowekwa, kisha mwili unaiyeyusha wenyewe. Maana yake ukianza, utarudi tena na tena kama unataka kubaki vile vile. Bajeti hiyo umeipiga?

Zipo fila za aina nyingine, za madini ya kalisi au za asidi ya lakitiki, ambazo hudumu zaidi. Halafu kuna silikoni ya maji. Hii ikimbie! FDA haijaidhinisha silikoni ya maji idungwe kwa ajili ya kujaza uso wala kutengeneza umbo la mwili. Inahama, inaota mabonge miaka kadhaa baadaye, na ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua.

Kuhama kwa vitu vilivyodungwa si habari mpya. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa Ulaya walianza kudunga nta ya parafini kuziba mabonde ya uso. Gladys Deacon, mrembo wa Kimarekani ambaye mwaka 1921 aliolewa na mtawala wa Marlborough huko Uingereza, alidungwa nta hiyo puani akiwa bado msichana wa miaka ya 20, ili pua yake inyooke kama ya sanamu za Kigiriki. Nta ikateremka hadi kidevuni. Uso uliosifiwa Ulaya nzima ukaharibika, na hakukuwa na dawa ya kuurudisha.

SI UPUUZI

Kabla shangazi mmoja hajasema "hayo ni mambo ya wasio na kazi," nikumbushe jambo ambalo familia nyingi za Kanda ya Ziwa zinalijua.

Mwaka 2004 Tanzania ilipoanza kugawa bure dawa za kupunguza makali ya VVU, vidonge vingi vilikuwa na dawa iitwayo stavudini. Iliokoa maisha ya watu wengi sana. Lakini kwa baadhi yao ilikula mafuta ya usoni, mashavu yakabonyea, na mtaa mzima ukajua hali ya mtu bila yeye kufungua mdomo. Watu waliacha kwenda harusini, wengine wakaacha hata dawa. Novemba 2009 Shirika la Afya Duniani likazishauri nchi ziachane na stavudini.

Sasa, unajua fila iitwayo Sculptra iliidhinishwa Marekani kwa kazi gani mwezi Agosti 2004? Kwa ajili ya watu wenye VVU waliopoteza mafuta ya usoni. Kwa watu hao fila ilikuwa njia ya kutembea barabarani bila kunyooshewa kidole. Kovu la ajali ya bodaboda lililobonyea nalo linaweza kuinuliwa hivyo hivyo. Kwa hiyo teknolojia yenyewe haina ubaya. Swali ni nani ameshika sindano, ndani ya sindano kuna nini, na mambo yakiharibika kuna nini mezani.

USO UMEJAA MABOMBA

Maumivu kidogo, uvimbe na michubuko ya siku chache ni kawaida baada ya fila. Hayo hayanitishi. Kinachonitisha ni mishipa ya damu.

Fikiria shamba la umwagiliaji. Mifereji midogo inapeleka maji kila kona. Ukitupa udongo kwenye mfereji mmoja, mimea ya upande ule inakauka. Uso wako una mifereji hiyo, na baadhi imeungana na mshipa unaolisha jicho. Sindano ikiingia ndani ya mshipa badala ya pembeni yake, au fila ikaubana mshipa kutoka nje, damu inasimama. Ngozi inakuwa nyeupe ghafla, kisha inapata mabaka ya bluu na zambarau kama wavu, na isipotibiwa inakufa na kuacha kovu. Fila ikisukumwa kurudi nyuma hadi mshipa wa jicho, mtu anapoteza uwezo wa kuona palepale kitandani.

Je, hutokea mara nyingi? Hapana, ni nadra. Lakini mwaka 2015 madaktari walipokusanya ripoti zilizochapishwa dunia nzima walipata watu 98 walioathirika macho baada ya kudungwa fila au mafuta usoni. Mwaka 2019 wakaongeza wengine 48. Sehemu zilizoongoza kwa hatari zilikuwa katikati ya nyusi na pua. Na hao ni wale walioandikwa kwenye majarida ya kitabibu.

Habari njema ni kwamba fila za asidi ya hayaluroniki zina dawa ya kuziyeyusha. Inaitwa hayaluronidezi. Daktari anayejua kazi yake akiona ngozi imebadilika rangi, anaacha kudunga mara moja, anakanda, anaweka kitambaa chenye joto na kudunga hayaluronidezi saa ileile, si kesho. Kwa ngozi, masaa machache ndiyo yanayotofautisha uso uliopona na uso wenye kovu. Kwa jicho muda ni mfupi zaidi. Kwa miaka mingi madaktari wa macho wametaja dakika 90 kuwa kikomo cha retina kuvumilia bila damu, na wapo wanaosema ni chini ya hapo. Hata tiba ikiwahi, mara nyingi jicho halirudi.

Sasa tufanye hesabu yetu ya Bariadi. Kutoka hapa kwenda Mwanza, ambako kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, unapita Lamadi, unakata kushoto, unafuata ziwa. Ukiwa na gari lako, barabara nyeupe na trafiki wote wamelala, bado ni zaidi ya saa mbili. Dakika 90 zimekwisha hujafika Magu! Na hapo sijahesabu muda wa kutafuta gari, kuomba mafuta na kumwamsha shemeji.

Ndiyo maana kwangu mimi kanuni ya kwanza ni hii: dawa ya kuyeyusha fila iwe chumba kimoja na sindano ya fila. Isiwe Mwanza, wala Dar, wala "tutaagiza." Kama haipo pale mezani, usilale kitandani.

"BABA WATOTO KANINUNULIA MASHAVU"

Mwaka jana shoga yangu mmoja, mwalimu wa sekondari hapa mkoani, alinipigia saa tatu usiku.

"Shosti, baba watoto kaninunulia zawadi ya miaka kumi ya ndoa."

"Hongera! Kitenge au simu?"

"Mashavu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kumbe shemeji aliona tangazo kwenye status ya WhatsApp. "Mtaalamu kutoka Dar" angefika Bariadi Ijumaa, alale gesti moja karibu na stendi, adunge watu midomo na mashavu, na Jumapili alfajiri apande basi. Nafasi chache, wahi! Shem, kwa mapenzi yake yote, akatuma shilingi 150,000 za kushika nafasi. Anasema mkewe alikuwa analalamika kila wakitazama picha za harusi.

Kesho yake jioni tulikaa sisi watatu. Tukaandika maswali kwenye karatasi, shem akayatuma: Jina la fila ni lipi? Imesajiliwa? Wewe ni daktari, na umesajiliwa kwa namba gani? Una hayaluronidezi? Majibu yakaja kwa sauti, dakika moja na nusu ya "usiwe na wasiwasi kaka, nimeshafanya wengi, hayo mambo hayatokei." Jina la bidhaa hakulitaja. Namba ya usajili hakuitaja. Shem akauliza moja la mwisho:

"Ukishapanda basi Jumapili alfajiri, usiku ule uso wa mke wangu ukibadilika, nagonga mlango wa nani?"

Tiki mbili za bluu. Kimya.

Laki moja na nusu ikaenda na maji. Lakini shoga yangu aliniambia pembeni kwamba fedha haikumuuma sana. "Miaka kumi hajawahi kuniambia mashavu yangu yana tatizo. Kumbe alikuwa anayaona." Na shem naye, maskini, aliapa kwamba hakuona tatizo lolote. Aliona mkewe hana raha, akatafuta kitu cha kununua. Waliongea hadi usiku wa manane. Maongezi hayo yalikuwa yamechelewa miaka kadhaa.

SHERIA YETU INASEMAJE?

Watu wanasema fila haina mwenyewe Tanzania. Si kweli. Mlango umeandikwa, ila wengi hatujui tubishe wapi.

Zamani kila kitu kilikuwa TFDA, chini ya sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 2003. Kuanzia Julai 2019 kazi ziligawanywa. Vipodozi, yaani vitu vya kujipaka, vilihamia Shirika la Viwango, TBS. Dawa na vifaa tiba vilibaki na mamlaka iliyopewa jina jipya la TMDA, ambayo ina ofisi ya kanda Mwanza. Na hii si mamlaka ya mchezo. Mwaka 2018, ikiwa bado TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ubora katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani.

Sasa sikiliza vizuri. Krimu unapaka juu, ni kipodozi. Kitu cha kudungwa ndani ya ngozi si kipodozi, hata kama kinauzwa kwenye duka la vipodozi na kimefungwa kwenye boksi la rangi ya waridi. Marekani fila zimewekwa kwenye daraja la tatu la vifaa tiba, daraja la hatari kubwa zaidi. Sheria ya vifaa tiba ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2017 inazibana hata zile zinazotumika kwa urembo tu. Kwa hiyo ukiambiwa "ina nembo ya TBS" kuhusu kitu cha sindano, jua unayeongea naye hajui anachouza, au anajua sana.

Kuhusu mtu mwenyewe: madaktari wanasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Vyeti vya kozi ya siku mbili vilivyobandikwa ukutani si usajili. Kuhusu mahali: kituo binafsi cha afya lazima kisajiliwe kama kituo cha afya. Leseni ya saluni haiigeuzi saluni kuwa zahanati, na chumba namba sita cha gesti hakiwi kliniki kwa sababu kimetandikwa shuka jeupe.

Wala tusijione tuko nyuma peke yetu. Huko Uingereza, mwaka 2013, ripoti iliyoongozwa na Sir Bruce Keogh ilisema mteja wa huduma za urembo zisizo za upasuaji hana ulinzi zaidi ya mtu anayenunua kalamu au mswaki! Ikachukua hadi Oktoba 2021 kwa England kupiga marufuku kuwadunga fila na Botox kwa urembo watoto wa chini ya miaka 18. Marekani, FDA imeidhinisha fila za midomo kwa watu wa kuanzia miaka 21, na kwingineko usoni miaka 22. Binti wa kidato cha nne anayetuma picha ya midomo ya staa akiuliza bei, asidungwe. Mkanye kama dada yako.

WALIOTUTANGULIA KUUMIA

Ukitaka kujua kwa nini nasisitiza usajili, tazama wenzetu. Aprili 2024 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa taarifa ya wateja wa spa moja isiyo na leseni huko New Mexico walioambukizwa VVU. Haikuwa fila, ilikuwa ile huduma ya kuchukua damu yako na kuirudisha usoni kwa visindano vidogo. Lakini kosa ni lilelile linaloweza kutokea kwenye fila: vifaa vya mtu mmoja kutumika kwa mwingine. Mwezi huohuo CDC ikaeleza kuhusu watu 22 katika majimbo 11 walioumwa baada ya kudungwa Botox bandia au na watu wasiostahili. Na kwa jirani zetu wa Nairobi, Oktoba 2024 mwanamke alifariki baada ya huduma ya urembo kwenye kliniki, na baraza la madaktari la Kenya likaifunga kliniki hiyo.

Kuna pia zile "kalamu" za kusukuma fila bila sindano, zinauzwa kwenye intaneti ujidunge mwenyewe sebuleni. Oktoba 2021 FDA iliwaonya watu wazi wazi wasizitumie. Hapo hakuna mjadala.

NGOZI YETU NA TABIA ZETU

Jambo jingine ambalo matangazo hayasemi ni kwamba ngozi nyeusi ina bahati yake. Melanini inatukinga, mikunjo inachelewa. Lakini kila tundu la sindano linaweza kuacha doa jeusi la miezi, na ukoo wenye makovu yanayovimba una sababu ya ziada ya kufikiri mara mbili. Je, kidonda cha mtoboo wa sikio kilivimba? Mwambie daktari.

Na kama umekuwa ukipaka mkorogo, sema ukweli huo pia. Krimu zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikachubuka upesi na kupona kwa taabu. Kudunga fila juu ya ngozi hiyo ni kujenga ghorofa juu ya ukuta wa tope. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Mwenye jipu au chunusi zilizoiva mahali pa kudungwa asubiri. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aongee na daktari wake kwanza.

KAMA UNA MWENZI, ONGEENI

Kwa uzoefu wangu wa kupokea barua za wasomaji, mambo ya sura huwa ni mlango tu. Nyuma yake kuna swali jingine: bado unanipenda? Kwa hiyo kabla ya fedha kutoka, kaeni.

Wewe unayetaka, sema unataka kwa ajili ya nani. Kama ni kwa ajili yako, sawa. Kama ni kwa sababu jamaa ameanza kuwasifia wadada wa Instagram mbele yako, tatizo liko kwenye ulimi wake, na fila haidungwi ulimini.

Wewe unayelipia, usifanye uso wa mwenzio kuwa zawadi ya kushtukiza. Hata ukiwa na nia safi, ujumbe unaofika ni "umechakaa." Na akishaamua, kazi yako ni kuwa naye siku hiyo, kumtazama usiku ule, na kujua namba ya kupiga. Kina kaka pia wanadungwa siku hizi, kwa hiyo zamu inaweza kuwa yako.

MASWALI 7 YA KUULIZA KABLA YA SINDANO

1. Jina kamili la fila ni lipi, na imetengenezwa kwa nini? Boksi lifunguliwe mbele yako, uone tarehe ya mwisho wa matumizi.
2. Imesajiliwa TMDA? Usikubali "ni ya Korea, ni nzuri." Hilo ni jina la nchi.
3. Nani anadunga? Jina lake na namba ya usajili wa baraza, ukahakikishe mwenyewe.
4. Mahali hapa ni kituo cha afya kilichosajiliwa?
5. Hayaluronidezi iko wapi? Naomba niione.
6. Nitapewa karatasi ya ridhaa, na rekodi yenye namba ya toleo la fila niliyodungwa?
7. Usiku wa leo nikipata shida nampigia nani, na yuko umbali gani?

Jibu moja likikosekana, vaa viatu. Na kama amependekeza pua au katikati ya nyusi, vaa viatu haraka zaidi.

KAMA UMESHADUNGWA

Maumivu makali yanayoongezeka, ngozi kuwa nyeupe au kupata mabaka ya zambarau, kuona ukungu au giza, kope kulegea, upande wa mwili kupoteza nguvu: hiyo ni dharura. Usisubiri asubuhi, usipake dawa ya meno, usimuulize aliyekudunga kama "ni kawaida." Hapa kwetu anza na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Nyaumata, sema wazi umedungwa nini na lini, beba boksi kama lipo, na rufaa ya kwenda Bugando iandaliwe mara moja. Usifiche kwa aibu. Daktari asiyejua kuna fila usoni atatibu kitu kingine.

Homa, uvimbe wa moto au usaha baada ya siku kadhaa navyo ni vya hospitali. Na ukiwa na swali la ngozi lisilo la dharura, nchi yetu ina hazina Moshi: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, kilichoanza mwaka 1992 na kufundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Wataalamu waliopita mikono yake wako kwenye hospitali za mikoani. Omba rufaa, ni haki yako.

Na kwa wewe ambaye bado unajiuliza uanzie wapi na ule mstari wa shavuni: acha mkorogo leo, nunua kinga ya jua uipake kila asubuhi, hata kama ngozi yako ni nyeusi tii, maana jua la Simiyu linapochoma mashamba ya pamba haliuachi uso wako. Lala vya kutosha. Mwezi mmoja wa hayo haukugharimu laki na nusu, na hauhitaji mtu wa kukuyeyushia kitu usiku. Baada ya hapo kama bado unataka fila, nenda kwa macho wazi, mahali palipoandikwa, kwa mtu aliyesajiliwa, na swali namba tano usilisahau.